MTIHANI WA TAIFA NA SOMO LA DARASANI: KAZI YA MWALIMU MKUU

Mazungumzo kwa Walimu Wakuu wa Shule za Msingi za Kirumba na za Visiwa vya Ziwa Victoria



Kila mwaka ifikapo mwezi Septemba, watoto wa darasa la saba wa Tanzania Bara hukaa siku mbili mbele ya karatasi sita za Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Kabla mwaka haujaisha matokeo hutangazwa, na siku hiyo Mwalimu Mkuu hutazama mambo mawili kabla ya mengine yote: wangapi wamefaulu, na shule imekuwa ya ngapi katika kata. Takwimu hizo mbili zikishapatikana, karatasi hubandikwa ubaoni, pongezi au karipio hutolewa, na shule hufungwa kwa likizo ya Desemba. Mwezi Januari watoto wengine huingia darasa la saba. Mwalimu yule yule huwafundisha mada zile zile kwa namna ile ile, na makosa ya mwaka uliopita hukaa yakiwangojea.

Mazungumzo haya yanahusu kile kinachopotea kati ya Desemba na Januari.

Chukuliwe mfano wa mtoto mmoja, asiyetajwa jina, wa shule yoyote iliyo jirani na Mwaloni Kirumba. Kila karatasi ina alama 50. Mtoto huyo amepata 38 katika Kiswahili, 28 katika Uraia na Maadili, 27 katika Maarifa ya Jamii, 24 katika Sayansi na Teknolojia, 9 katika Kiingereza na 8 katika Hisabati. Jumla yake ni 134 kati ya 300. Kwa kuwa jumla ya kuanzia 121 hadi 180 ni daraja C, mtoto huyo amefaulu, na shule inamhesabu katika asilimia yake ya ufaulu. Mwezi Januari anavuka kwenda kidato cha kwanza, ambako masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo amepata daraja E. Fizikia na Kemia zinamngoja kwa lugha asiyoielewa na kwa hesabu asizoziweza. Shuleni alikotoka hakuna aliyeona tatizo lolote, maana jina lake lilikuwa upande mzuri wa orodha.

Mtoto aliyefeli angalau hutazamwa, akasikitikiwa, akatafutiwa sababu. Huyu wa alama 134 hupita kimya. Katika shule nyingi wa namna yake ndio wengi, na Mwalimu Mkuu anayesoma jumla peke yake hawezi kuwaona.

Shaka juu ya mitihani si jambo jipya nchini. Mwezi Machi 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba mtihani ulikuwa umepewa hadhi kubwa kupita kiasi, na kwamba shule ilikuwa inafundisha kwa ajili ya wachache watakaochaguliwa huku wengi wakiachwa. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Mwezi Novemba 1974, ng'ambo ya mashariki ya ziwa hili hili, Azimio la Musoma lilitaka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe. Kuanzia mwaka 1976 alama za maendeleo zikaanza kutiwa pamoja na za mtihani wa mwisho katika shule za sekondari. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, pasipokuwa na mtu wa kuuliza alama hizo zinasema nini juu ya somo, maendeleo ya mwanafunzi hugeuka kuwa fomu nyingine ya kujazwa, na kujaza fomu ni kazi ambayo walimu wameizoea mno.

Miaka ya karibuni imetoa mafunzo makali zaidi. Kuanzia mwaka 2010, upimaji uliofanywa nyumba kwa nyumba na Uwezo ulionesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, na taifa zima likashtuka. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao ulizipanga shule kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Mwezi Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kupiga marufuku upangaji wa shule kwa matokeo mwaka 2014, na mwaka 2023 wakaufanya kwa mara ya mwisho mtihani wao wa darasa la nane. Lakini desturi ya kupanga shule kwa namba haiondoki kwa tamko moja. Orodha iliyoondolewa gazetini huandikwa upya kwa mkono, ikasambazwa kwa simu kabla ya jua kuzama.

Basi Mwalimu Mkuu afanye nini na mtihani ambao hakuutunga, hawezi kuuondoa, na ambao yeye mwenyewe hupimwa nao?

Jibu linaanzia katika swali moja. Ichukuliwe karatasi ya Hisabati ya majaribio iliyotungwa kwa mfano wa ile ya taifa, ndani yake mna swali hili: mfanyabiashara alinunua gunia la dagaa kwa shilingi 150,000 akaliuza kwa shilingi 180,000, je, alipata faida ya asilimia ngapi? Machaguo ni matano: A ni 16⅔, B ni 20, C ni 30, D ni 83⅓, na E ni 120. Jibu sahihi ni B. Ichukuliwe pia kwamba darasa lina watoto 60, na kwamba 18 wamechagua B, 25 wamechagua A, 12 wamechagua C, na watano waliobaki wamegawanyika kati ya D na E.

Mwalimu Mkuu anayetazama waliopata tu ataona 18 kati ya 60, yaani asilimia 30, ataagiza mada ya asilimia ifundishwe upya, na mwalimu ataifundisha upya kutoka mwanzo kwa wote 60. Wiki mbili zitapita. Wale 18 watakaa bila kazi, na wengi wa wale 25 watakosa tena swali lile lile, kwa sababu tatizo lao si asilimia.

Watoto 25 waliochagua A wanajua kutafuta faida: wametoa 150,000 katika 180,000 wakapata 30,000. Wanajua pia kugawanya na kuzidisha kwa mia. Wamekosea mahali pamoja tu, nako ni kulinganisha faida na bei ya kuuzia badala ya bei ya kununulia. Hawa wanahitaji kipindi kimoja cha dakika 40, na pengine wanahitaji neno moja. Kitabu kinasema "bei ya kununulia". Mwaloni hakuna anayesema hivyo, husemwa "mtaji". Mama anayeuza dagaa kwa sado pale sokoni anajua kabisa kwamba faida huhesabiwa juu ya mtaji, yaani juu ya fedha iliyomtoka mkononi, na mtoto wake amelisikia neno hilo tangu akiwa mgongoni. Mwalimu akiandika ubaoni "mtaji" chini ya "bei ya kununulia", amempa mtoto daraja la kupitia kutoka sokoni hadi kwenye karatasi.

Wale 12 waliochagua C ni watu wengine kabisa. Wamepata 30,000, wakaona 30 katika machaguo, wakakata sifuri. Hawa hawajui kwamba asilimia maana yake ni kwa kila mia. Hiyo ni kazi ya madarasa ya chini, na kuwarudishia maswali ya faida na hasara ya darasa la saba ni kuwapotezea muda. Wanahitaji kikundi chao, vijiti vyao na mia yao ya kwanza.

Wanabaki watano. Walioandika 120 wamegawanya bei ya kuuzia kwa bei ya kununulia. Walioandika 83⅓ wamegeuza. Huenda wamefanya hivyo kwa kufikiri, huenda wamebahatisha. Njia ya kujua ni rahisi. Mwalimu awaite mmoja mmoja baada ya kipindi, awape karatasi, awaambie walisome swali kwa sauti. Ikiwa mtoto anakwama katika neno "mfanyabiashara", basi kosa la Hisabati lilikuwa ni kosa la kusoma, na mwalimu wa Hisabati atafundisha mpaka Septemba bila kulifikia.

Vivyo hivyo, haifai kuwasahau wale 18 waliopata. Katika swali la machaguo matano, anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tano ya kupata. Kwa hiyo baadhi ya waliopata hawajui. Hii ndiyo sababu karatasi za majaribio za shule zisiwe za kusiliba herufi tu, ingawa tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua katika mtihani wa taifa husomwa kwa mashine na watoto wanapaswa kuizoea fomu hiyo. Mtoto aoneshe njia. Mashine inasoma herufi. Njia husomwa na mwalimu, na ndani ya njia ndimo yalimo anayohitaji kuyajua.

Baraza lenyewe limekuwa likifanya kazi ya namna hii na kuichapisha. Taarifa za Uchambuzi wa Majibu ya Watahiniwa hutoka kwa kila somo, zikieleza swali kwa swali ni watahiniwa wangapi walichagua jibu lipi, na kwa nini walikosea. Zimeandikwa kwa Kiswahili kwa masomo yanayofundishwa kwa Kiswahili, na zinapatikana bila malipo. Ni hazina isiyo na wasomaji wengi. Katika ofisi nyingi za shule karatasi za mitihani iliyopita zimechakaa kwa kunakiliwa, hali taarifa inayoeleza watoto walikosea wapi haijafunguliwa hata ukurasa wa kwanza. Mwalimu Mkuu akizipata, azigawe kwa walimu wa masomo, na kila mmoja atakiwe kueleza katika kikao makosa mawili ya kitaifa ambayo ameyaona pia kwa watoto wake.

Madarasa ya chini yanastahili uangalifu zaidi, maana huko ndiko dawa ni nafuu. Tangu mtaala wa mwaka 2015, madarasa la kwanza na la pili yamewekewa mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kirumba ni mji wa watu wa makabila mengi, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Waluo, Wahaya na wengineo, na Kiswahili cha mtoto kimepita katika lugha ya mama yake kabla ya kufika darasani. Katika imla mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani huenda akaandika "habali" kwa "habari", akaandika "mahali" alipotajiwa "mahari". Mwalimu mwenye haraka ataweka alama ya kosa na kuandika "zembe". Lakini Kisukuma hakitenganishi sauti hizo mbili kama Kiswahili kinavyozitenganisha, kwa hiyo mtoto ameandika alichosikia. Anayehitaji kufunzwa kwanza ni sikio: kura na kula, mahari na mahali, hari na hali, kwa sauti, kwa michezo, dakika tano kila asubuhi. Upimaji ukisema tu kwamba mtoto amepata 4 kati ya 10 katika imla, umesema kidogo sana. Mwalimu Mkuu alitake daftari lenyewe.

Liko jambo jingine ambalo haliandikwi katika karatasi ya mtihani, nalo ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Mwendo huo huo wa giza na mwezi huongoza biashara yote ya mwaloni, na visiwani huhamisha hata kaya nzima kutoka kambi hadi kambi. Mwalimu Mkuu wa shule ya mwambao au ya kisiwani afanye jaribio hili: aweke daftari la mahudhurio kando ya orodha ya maswali yaliyokosewa na wengi, kisha aangalie mada hizo zilifundishwa wiki gani. Iwapo mada ya sehemu ilifundishwa katika wiki ambayo theluthi ya darasa haikuwapo, hakuna haja ya kumlaumu mwalimu wala kumwita mtoto mzito. Kuna haja ya mada hiyo kufundishwa mara ya pili watoto wakiwapo, na azimio la kazi la mwaka ujao kuandikwa na mtu anayejua mwenendo wa ziwa. Kalenda ya shule inatoka mbali. Azimio la kazi linaandikwa shuleni, na hapo ndipo Mwalimu Mkuu ana mamlaka yake.

Sasa kuhusu kikao cha walimu. Desturi ni kumwita mwalimu wa darasa la saba peke yake, asimame mbele ya wenzake ajibu kwa nini matokeo yameshuka. Kikao cha namna hiyo huzaa mambo mawili: mwalimu huyo ataomba kuhamishwa darasa, na atakayechukua nafasi yake atawakaririsha watoto majibu ili asisimamishwe yeye. Ikiwa wale 12 walikosa maana ya asilimia, basi mwalimu wa darasa la tano ni sehemu ya jambo hilo, na yule wa darasa la tatu aliyefundisha sehemu naye ni sehemu yake. Wote wakae meza moja na swali moja likiwa katikati. Lisemwe swali, asisemwe mtu. Mwalimu Mkuu mwenyewe aje na daftari la kipindi anachofundisha yeye, aoneshe makosa ya watoto wake kwanza. Asiyefundisha hata kipindi kimoja kwa wiki atapata taabu kuongoza kikao hicho, na walimu wake watajua kwa nini.

Yatasemwa, na kwa haki, kwamba darasa lina watoto zaidi ya mia, kwamba elimu bila malipo iliyoletwa na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ilijaza madarasa kuliko madawati, na kwamba mwalimu hana saa ya kuchambua majibu ya mtoto mmoja mmoja. Hoja hiyo isipuuzwe. Jibu lake ni kupunguza mitihani. Shule nyingi hutoa jaribio kila wiki, jingine kila mwezi, la kata, la wilaya, kisha la utimilifu ambalo wengi huliita moku. Wazazi huchangia karatasi, walimu husahihisha hadi usiku kwa vema na kosa, alama huandikwa, na kesho yake jaribio jingine linaanza. Mitihani minne isiyosomwa inawagharimu walimu muda mwingi kuliko mmoja uliosomwa vizuri. Hakuna haja ya kuchambua maswali yote 45 pia. Yachaguliwe matatu yaliyokosewa na wengi. Mwalimu asimame mbele ya darasa, ataje A, mikono inyooshwe, ahesabu. Ataje B, ahesabu. Kwa darasa la watoto mia, swali moja halichukui dakika tano, na darasa zima litakuwa limemwambia mwalimu wake lina tatizo gani.

Ni lazima itajwe pia njia ya mkato. Yapo makambi ya kitaaluma ambamo watoto hulala shuleni miezi miwili wakirudia karatasi za miaka kumi. Kwa mtoto anayetoka katika nyumba isiyo na taa wala nafasi, kambi inaweza kumpa utulivu wa kusoma, na kwa sababu hiyo isilaaniwe kwa jumla. Bali mtoto aliyekariri kwamba swali la dagaa jibu lake ni 20 atakwama gunia litakapokuwa la mpunga. Ipo na njia mbaya zaidi. Mwezi Oktoba 2018 Baraza lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule kadhaa nchini, zikiwamo za Jiji la Mwanza, kwa sababu ya udanganyifu, na watoto wakaufanya mtihani upya. Watoto wa miaka 13 waliitwa tena kukaa mbele ya karatasi kwa kosa ambalo watu wazima walikuwa wamelipanga. Shule inayopimwa kwa namba moja peke yake, na isiyo na namna nyingine ya kujionesha kwamba inafanya kazi, iko karibu na jaribu hilo kuliko inavyopenda kukiri.

Kwa wazazi, Mwalimu Mkuu atabadilisha mazungumzo yaliyozoeleka. Mama anafika ofisini akitoka mwaloni, anaamkia, anauliza:

"Mwalimu, amekuwa wa ngapi?"

"Wa 41, mama."

"Kati ya wangapi?"

"Sitini."

Mama anashukuru, anaondoka, na jioni mtoto anapigwa. Hakuna kilichosemwa ambacho mama huyo angeweza kukifanyia kazi. Angeambiwa kwamba mtoto anasoma vizuri, ila akifika kwenye faida hulinganisha na bei ya kuuzia, angeweza jioni ile ile kumwuliza juu ya mtaji wa sado kumi, maana katika hesabu hiyo yeye ni mtaalamu kuliko wengi waliomo ofisini. Kamati ya Shule nayo isomewe mambo matatu ambayo watoto walikuwa hawayajui mwezi Machi na sasa wanayajua. Asilimia ya ufaulu itafuata nyuma, wala haikatazwi kusomwa.

Shule zina sababu ya kufanya haraka. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, kama ilivyowekwa Zanzibar kwa sera ya mwaka 2006. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo ndio wanaotarajiwa kumalizia darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao darasa la saba la mwisho linatarajiwa kumaliza. Madarasa mawili yatatoka pamoja. Kwa wale wa darasa la sita, mwaka mmoja ambao shule nyingi ziliutumia kufukia mashimo ya madarasa ya chini hautakuwapo tena. Mtoto atakayefika darasa la nne akiwa hajui maana ya sehemu ana miaka miwili tu mbele yake. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao shule nyingi huutazama kama kivuli cha mtihani mkubwa, ndio unaopaswa kusomwa swali kwa swali kuliko wote, kwa kuwa watoto waliokosea bado wako shuleni na Mwalimu Mkuu anaweza kuwafikia kesho asubuhi.

La mwisho ni dogo, nalo linahusu stoo. Si jambo geni katika soko la Kirumba, wala katika soko la Nansio, kununua karanga zilizofungwa kwa karatasi yenye mwandiko wa mtoto na alama nyekundu ya mwalimu. Karatasi za majaribio zinazosahihishwa mwaka huu zisitoke shuleni. Zifungwe kwa somo na kwa darasa, zikae katika ofisi ya mwalimu wa taaluma hadi shule zitakapofunguliwa Januari, na mwalimu atakayepokea darasa akabidhiwe pamoja na chaki na daftari la mahudhurio. Walimu Wakuu ambao bado wanazo za mwaka uliopita wanaombwa kuanza wiki hii, kwa swali la Hisabati lililokosewa na wengi, na katika swali hilo waanze na wale watano.